Fito za Somanga na Kisu cha Kompyuta

Nilikwenda Somanga kutazama dema, mtego wa samaki wa mianzi, likisukwa. Mimi si mvuvi. Kazi yangu ni kuchora viunzi vya kimia kwenye kompyuta: fito nyembamba zinazokutana kwenye vifundo, mamia kwa maelfu, mpaka kinapatikana kitu chepesi chenye uwazi mwingi kuliko nyama. Kiunzi hicho hutolewa na printa ya 3D, ambayo huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Kabla printa haijaanza, mchoro hupita kwenye programu mbili. Ya kwanza inauliza umbo la mkato wa ufito: duara, mraba, almasi au pembe sita, unene wake, na kama ni duara, lichorwe kwa pande ngapi. Ya pili, ambayo sisi tunaiita slaisa, inauliza unene wa tabaka, upana wa mstari na namna ya kushughulikia sehemu nyembamba. Ufito ni ule ule, lakini maswali yake yamegawanywa kwenye madirisha mawili yasiyosikilizana. Naamini vimia vingi vinavyovunjika mikononi mwa watu vilikwishavunjika hapo, kati ya dirisha moja na jingine, na nilitaka kukaa na fundi anayeamua yote mawili kwa mkono mmoja.

Safari ya kusini huanzia Mbagala. Basi letu lilipita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, likavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Waliosafiri njia hii zamani bado wanasimulia foleni za kivuko. Na hata baada ya daraja kujengwa walibaki na kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga, kipande kilichochelewa sana kupata lami, na masika yakikolea basi liliweza kulala njiani na abiria wake. Lami sasa ipo. Hata hivyo mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zilizoikata barabara hii sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo, na watu wa Lindi na Mtwara wakakosa njia yao ya kwenda Dar es Salaam. Mama mmoja mfanyabiashara wa korosho, jirani yangu kwenye kiti, alininyooshea kidole dirishani. "Hapa maji yalipita juu, mwanangu. Barabara unaitafuta, huioni."

Somanga ni kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Kilwa, na kwa madereva wa njia hii ni kituo cha kula. Basi likisimama, samaki wa kukaanga hufika dirishani kabla hujasimama kwenye kiti. Lakini nchi nzima ina deni na mahali hapa. Gesi iliyogunduliwa kisiwani Songo Songo mwaka 1974, na kuanza kutumika mwaka 2004, husafiri kilomita 25 kwa bomba chini ya bahari na kupandia nchi kavu Somanga Fungu, kisha inaendelea kilomita 207 hadi Dar es Salaam. Sehemu ya umeme uliowasha kompyuta yangu kwa miaka yote hii ilianzia kwenye bomba hilo. Na bomba lenyewe ni somo la umbo la mkato: chukua chuma kile kile, kiondoe katikati, kipeleke pembezoni, nawe utapata kitu kinachokataa kupinda zaidi kuliko nondo nzima yenye uzito sawa. Fundi wa kuchomelea kijijini analijua hilo bila hesabu. Ukimwagiza fremu ya dirisha atakuuliza kwanza kama unataka engo, skwea paipu au flati ba, ndipo aulize urefu.

Mzee niliyemfuata hufanya kazi chini ya mkorosho, hatua chache kutoka ufukweni ambako mitumbwi na mashua huvutwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kipande cha ubao nikae.

"Umefuata dema au umefuata samaki?"

"Nimefuata dema, mzee. Nataka kuona unavyopasua."

"Kupasua?" Alinitazama vizuri. "Wengi huja kutazama kusuka."

Alichukua mwanzi, akauegemeza kwenye gogo, akauchanja kichwani kwa panga, kisha akaliweka panga kando na kuchukua kisu kifupi. Kuanzia hapo kisu kilifanya kazi ndogo sana. Kilifungua ufa tu. Vidole ndivyo vilivyousafirisha ufa kutoka kichwa hadi mkia wa mwanzi, pingili baada ya pingili, huku kila pingili ikitoa mlio mkavu. Nilisogea karibu kuona jambo moja lililonitatiza: kwa nini ufa haupotei njia? Ulipotea, mara nyingi. Ulipoanza kuelemea upande mmoja, upapi mmoja, yaani ubale mmoja wa mwanzi, ukawa mnene na mwenzake ukawa mwembamba, mzee aliukunja zaidi ule upande mnene, na ufa ukarudi katikati wenyewe. Hakutazama. Alikuwa akiniuliza habari za Dar huku mikono ikiendelea.

Kila upapi ulipotoka aliukwangua tumbo, ule upande wa ndani, lakini mgongo wenye ganda la kung'aa hakuugusa. Nilimuuliza sababu. "Ganda ndilo mwanzi wenyewe," alisema. "Cha ndani ni cha kujazia tu." Wanaosoma mianzi kwa hadubini wanakubaliana naye: nyuzi zinazobeba nguvu zimesongamana karibu na ganda, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo zinavyotawanyika. Kisha aliukunja upapi mpaka kichwa kikakaribia mkia, akauachia. Uliporuka na kunyooka aliuweka kulia. Ule uliobaki na kumbukumbu ya kupinda aliuweka kushoto, wa kufungia.

Ndipo akaanza kusuka. Dema la mianzi husukwa kwa pande tatu: papi za kwanza zinalala, za pili zinakatiza kwa mshazari, za tatu zinakatiza kwa mshazari mwingine, kila mmoja ukipita juu ya mwenzake na chini ya mwingine. Katikati linabaki tundu la pembe sita. Hakuna msumari wala fundo kwenye makutano hayo. Papi zinabanana zenyewe, na ukijaribu kusogeza mmoja, nyingine zote zinakukatalia. Mzee alikuwa akipima matundu kwa vidole kila baada ya mistari michache. Tundu ndilo dema. Likiwa dogo, linakamata watoto wa samaki. Likiwa kubwa, chakula cha nyumbani kinatoka. Huko Kenya watafiti wamejaribu madema yenye upenyo maalumu wa kuwaachia samaki wachanga watoke, na matokeo yake yamewapa wavuvi sababu ya kufikiria upya ukubwa wa tundu. Mzee alikuwa na habari za namna hiyo kutoka kwa maofisa wa uvuvi, na hakuzipinga.

Sasa niseme kinachotokea kwenye kompyuta, maana ndicho kilichonileta.

Slaisa hukata mchoro kwa ulalo, kuanzia chini kwenda juu, kama mwenye mgahawa anavyokata boflo, ila vipande vyake kwa kawaida vina unene wa milimita 0.2. Ufito uliosimama wima ukikatwa hivyo unatoa duara dogo kila tabaka. Ufito ulioinama unatoa yai: ukiinama nyuzi 45, urefu wa yai ni mara 1.41 ya kipenyo; ukiinama mpaka nyuzi 30 kutoka kwenye ulalo, ni mara 2. Na kila tabaka jipya linasogea pembeni kidogo kuliko lililo chini yake. Kwa nyuzi 45 linasogea milimita 0.2, na kwa mdomo wa printa wenye upana wa 0.4, ambao ndio wa kawaida, nusu ya mstari inakaa hewani. Kwa nyuzi 30 linasogea karibu 0.35, na hapo mstari karibu wote unaning'inia. Plastiki iliyoyeyuka haijui kusubiri. Ndiyo maana wenye uzoefu hawachoki kusema nyuzi 45, na ndiyo maana umbo la almasi, yaani mraba uliosimamishwa kwa kona, hutoka safi kuliko duara pale ufito unapolala bila kitu chini yake: mbavu zake zinapanda kwa nyuzi 45, wakati tumbo la duara ni bapa na linalegea.

Unene nao una hila zake. Chora ufito wa duara wenye kipenyo cha milimita 1, upeleke kwenye slaisa ya zamani yenye mistari ya 0.4. Mistari miwili inaingia, inakuwa 0.8, na 0.2 iliyobaki haina mwenyewe, kwa hiyo inaachwa. Macho hayaoni tofauti. Lakini ukakamavu wa ufito wa duara hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne, na 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8 inatoa karibu 0.41. Umepoteza theluthi moja na zaidi ya plastiki, na zaidi ya nusu ya ukakamavu, kwa sababu ya mpangilio mmoja ambao haukuutazama. Mwaka 2022 Cura na PrusaSlicer zilianza kutumia njia iitwayo Arachne, inayoruhusu mstari kunenepa na kukonda ili ujaze nafasi iliyopo, na kwa wachora vimia hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Bado nashauri usiiachie kila kitu. Ukitaka milimita 1, weka mstari wa 0.5, mistari miwili, hesabu imefungwa.

Kuhusu idadi ya pande nitasema kwa kifupi. Faili za STL, zilizoanza mwaka 1987, hazijui duara. Zinajua pembetatu tu. Duara likichorwa kwa pande 6 ndani ya mstari wake linabakiwa na asilimia 83 ya eneo. Kwa pande 12, asilimia 95. Zaidi ya hapo unaongeza uzito wa faili kuliko uzuri wa kitu. Kimia chenye fito 10,000 za pande 12 kina pembetatu 240,000 kabla hujagusa vifundo. Yupo mwokozi hapa naye hatumiwi vya kutosha: faili za 3MF zina nyongeza ya vimia inayohifadhi kifundo, kifundo cha pili na nusu-kipenyo cha kila mwisho wa ufito, basi. Umbo hubaki hesabu mpaka dakika ya kukatwa. Kama programu yako inaweza kulitoa na slaisa yako inaweza kulisoma, achana na STL.

Yote hayo nilikuwa nayajua kabla ya kupanda basi. Nilichokipata chini ya ule mkorosho ni kuona kwa macho kwamba kisu cha mzee na kisu cha slaisa vinakwenda njia tofauti. Cha mzee kinafuata urefu wa nyuzi, kamwe hakizikatizi. Cha slaisa kinakatiza chochote kilichosimama. Ufito wa plastiki uliosimama wima ni rundo la vidonge vilivyogandishana, na ukivutwa unaachana kwenye maungio ya matabaka, mahali dhaifu kuliko kote. Ufito ule ule ukilazwa, printa inautembelea kwa urefu, mstari mmoja usiokatika kutoka kifundo hadi kifundo. Hapo plastiki inakaribia kufanana na upapi wa mwanzi: uimara umelala upande ule ule ambao mzigo utavuta.

Na mzee hasuki dema zima kwa mkupuo. Anasuka sakafu ikiwa imelala chini, anasuka paa likiwa limelala chini, anasuka mbavu, anasuka mlango ulio mpana nje na mwembamba ndani. Kila kipande ni bapa kinapokuwa mikononi mwake. Baadaye ndipo anavisimamisha na kuvifunga kwa zile papi za kushoto, zilizokubali kupinda. Nilipomuuliza kwa nini asianze na umbo kamili, alishangaa swali lenyewe. "Upapi uliosimama utausukaje? Laza kwanza."

Laza kwanza. Wachora vimia tumezoea kukitoa kiunzi kizima kwa mara moja kwa sababu printa inaweza, na tunaona fahari yake. Kisha tunapambana na pembe mbaya, nguzo za kuegemeza zinazovunjika ndani ya matundu, na fito za wima zinazokatika. Kwa vitu vingi vinavyohitajika huku kwetu, vizimba, vichujio, fremu za vifaa vya shule, vikapu vya kubebea vioo vya maabara, kimia kingeweza kugawanywa katika mbao bapa, kila ubao ukachapwa umelala, fito zake zote zikiwa ndani ya tabaka, kisha zikafungwa kwenye kingo. Kwenye ubao wa namna hiyo maswali ya madirisha mawili yanarudi kuwa swali moja. Umbo la mkato linakuwa mstatili, mpana kuliko kimo, kama upapi ulivyo. Upana wake ni idadi kamili ya mistari. Kimo chake ni idadi kamili ya matabaka. Mistari mitatu ya 0.4 na matabaka manne ya 0.2: ufito wa 1.2 kwa 0.8, hakuna kinachobaki, hakuna kinachoning'inia isipokuwa pale ufito unapovuka juu ya mwenzake, na hapo umbali ni mfupi. Ukitaka upinde zaidi, punguza kimo, usiguse upana: kimo kikishuka nusu, ukakamavu unashuka hadi sehemu moja ya nane, wakati tundu linabaki vile vile. Mzee hufanya hivyo hivyo. Upapi ukiwa mkaidi anakwangua tumbo. Upana hausogezi, maana upana ukibadilika, tundu limebadilika.

Nilipoondoka Somanga niliendelea kusini hadi Nangurukuru, nikakata kushoto kwenda Kilwa Masoko, na kutoka hapo nikavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Wengi huenda kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika mwaka 1331. Magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Mimi nilikwenda kupima vyumba. Ni virefu na vyembamba, upana wake ukizunguka mita mbili na nusu hadi tatu, chumba baada ya chumba. Mjenzi hakukosa mawe wala chokaa ya kumpa sultani ukumbi mpana. Alichokuwa nacho ni boriti ya mikoko, na boriti iliyobeba dari nzito ya matumbawe haiendi mbali zaidi ya hapo. Jumba lote limechorwa kuanzia kwenye ufito.

Biashara ya miti hiyo ilikuwa na maktaba yake ya maumbo kabla ya programu yoyote. Delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, ilipeleka miti kwa majahazi hadi Ghuba, na nyumba za zamani za huko zina dari zilizosimama juu ya mikoko ya kwetu. Miti hiyo iliuzwa kwa madaraja ya unene. Lamu bado wanayataja: fito ndiyo nyembamba, kisha pau, kisha mazio inayoanzia sentimita 8 hivi, kisha boriti inayoanzia 11 na nusu hivi, kisha nguzo. Fundi aliagiza daraja, hakuagiza mti. Alijua kila daraja linabeba nini, linafika wapi na linafungwaje, na mchoro wake wote ulitoka humo. Programu zetu zinamruhusu mtu kuandika kipenyo cha milimita 0.93 bila kumuuliza kitu chochote. Ningependa zimpe madaraja machache, kila moja likiwa limefungwa na mstari na tabaka la printa yake, na zimlazimishe kusema ufito utalala au utasimama kabla hajachagua umbo.

Kuandika programu ya namna hiyo ni kazi inayowezekana hapa hapa nchini. Dar es Salaam, katika karakana ya STICLab, vijana wamekwisha kuunda printa za 3D kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki, na vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha uchoraji wa kompyuta kila muhula. Kinachokosekana ni mwanafunzi kuwahi kushika upapi. Nawaomba walimu wa DIT, wa VETA na wa ndaki ya uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: wapelekeni wanafunzi wenu kwa wasuka madema, Somanga au popote pwani palipo karibu, kabla hamjawafungulia dirisha la umbo la mkato. Wapeni kalipa wapime papi, upana na kimo, na wapime matundu. Wawaombe wazee kisu, wapasue mwanzi mmoja mmoja wenyewe. Fanyeni hivyo mwaka huu, maana pale ufukweni, kati ya mitumbwi, niliona pia madema mapya yaliyotengenezwa kwa waya wa dukani, na yule mzee hakuwa na mwanafunzi.